Softiboli ya watoto wa kike: refa kamtoa mwanangu na hata mpira haujapigwa, hii ni haki?

MamaZawadi
Wanajamvi habari za wikiendi. Mwenzenu niko Columbus, Ohio, huku Marekani, mwaka wa sita huu, binti yangu Zawadi kaingia ligi ya mtaani kwetu ya softiboli, ule mpira wa kupiga kwa gongo ndugu yake besiboli, timu ya 10U yaani miaka kumi kushuka chini. Mimi nimekulia Tanga nacheza rede, nikajua huu nao ni rede ya wazungu tu, kumbe wapi. Jumamosi Zawadi alikuwa kasimama beisi ya pili (beisi ni vile vituo vya kukimbilia), nikamuona yule mlinzi wa beisi ya tatu kazubaa anachezea nywele, nikapaza sauti "kimbia Zawadi kimbia!", mtoto akachomoka, refa akanyanyua ngumi, auti, yaani katolewa. Hakuguswa na mtu!! Haijaisha, mwenzake kapiga hewa mara tatu, kecha, yule mdakaji wa nyuma ya mpigaji, akauangusha mpira, mtoto akatimua mbio mpaka beisi ya kwanza akafika salama kabisa, refa akamrudisha akakae benchi. Na wiki iliyopita tu kwenye mechi ya dada zao wa 12U kitu hichohicho kilikubaliwa watu wakapiga makofi. La mwisho ndo limeniuma zaidi, tulikuwa zamu yetu kupiga, mikimbio (pointi) mitano tayari, auti moja tu, Zawadi ndo anafuata kashavaa na helmeti, refa anasema basi, badilishaneni. Mtoto kalia mpaka kwenye gari. Hizi sheria kweli zipo au tunaonewa kwa vile ni wageni?

KochaMsaidizi
Pole mama Zawadi. Mimi ni Mkenya niko Texas, nasaidia kufundisha timu ya msichana wangu msimu wa nne sasa. Hapo hamjaonewa, zote tatu ni sheria.

Ile besiboli ya wanaume ya kwa TV unaona mtu anaiba hatua mbili tatu kabla mpira urushwe. Softiboli hapana. Mguu unakaa kwa beisi mpaka mpira utoke kwa mkono wa mrushaji, ukitoka mapema mpira unakufa hapo hapo na wewe ni auti, hata usipoguswa. Uwanja wenyewe ni mdogo, beisi hadi beisi ni futi 60 na ya besiboli ya wakubwa ni 90, na kwa 10U mrushaji anasimama futi 35 tu, sasa ukiruhusu watoto waibe hatua hakuna kecha wa miaka tisa atawahi kushika mtu.

Hiyo ya straiki ya tatu kuanguka, yaani mpigaji amekosa mara ya tatu na kecha akaangusha mpira, kwa 12U iko, lakini hata huko lazima beisi ya kwanza iwe haina mtu, ama kama auti ni mbili tayari basi hata ikiwa na mtu unakimbia tu. Kwa 10U ligi nyingi za mtaa wameitoa kwa sababu kecha wa umri huo anaangusha karibu kila mpira, kila mwenye amekosa angekuwa anakimbia na mchezo ungekuwa ni wa kuokota mpira.

Mikimbio mitano nayo ni kikomo. Little League, lile shirika la ligi za watoto, kwa daraja lao la Minors zamu inaisha kwa auti tatu, ama mikimbio mitano, ama kila mtu kwa laini ya wapigaji akishapiga mara moja, chenye kitatangulia. Nilisimamia mechi moja ya kirafiki hatukuweka kikomo, mrushaji wa upande mmoja alishindwa kabisa kupata straiki, mipira inapita mbali na mpigaji anapewa beisi bure, watoto wanatembea tu beisi baada ya beisi, inningi moja, yaani raundi moja ya mchezo, ilipita nusu saa na wale wa uwanjani wakaanza kuchuma maua. Kumi na kitu kwa sifuri. Tangu hiyo siku sijawahi kubishana na hiyo tano.

Mzee_wa_Kijiwe
Watoto wa miaka kumi sheria zote hizo za nini jamani si wacheze tu. Sisi mpira wa rede ulikuwa soksi imejazwa matambara, refa ndo mwenye soksi, akiitwa na mama yake kwenda dukani mechi imeisha.

PapaFuraha
Jambo mama. Siye ni ba Bukavu, tuko Iowa. Miye sikukasirika juu ya auti, nilikasirika juu ya benchi. Binti yangu alikuwa anakaa ku benchi inningi tatu, ine, halafu banamuingiza mwisho dakika kidogo. Nikauliza mupole, banipa kitabu. Ligi yetu iko chini ya Little League, na kule kila mtoto lazima acheze auti sita ku ulinzi na apige hata mara moja. Nikamuonyesha kocha ile ukurasa, hakusema neno, mechi yenye kufuata mtoto akaanza. Lakini uliza kwanza yenu iko chini ya nani, kuko Little League, kuko USA Softball, kuko USSSA, kitabu haiko moja, na ligi nayo inaongeza yake juu.

UmmSalma
Naongezea la vifaa maana huko ndiko nilikoumia mfukoni. Msimnunulie mtoto gongo la besiboli mkadhani mmepata nafuu (gongo la kupigia jamani, si lile la kunywa). La softiboli ni jembamba, inchi 2¼, na lina muhuri wake, refa alilikagua kabla ya mechi akaliweka pembeni, nikarudi dukani na risiti. Helmeti nunua yenye wavu wa uso, na mrushaji wako mvalishe kinga ya uso hata kama ligi haimlazimishi, futi 35 ni karibu mno na mpira ukirudi unarudi kwa hasira. Wangu anavaa hijabu ya michezo chini ya helmeti, refa aliangalia tu akaendelea na yake. Halafu mkiona beisi ya kwanza ni pacha, nyeupe na chungwa, mwambie Zawadi akanyage ya chungwa, nyeupe ni ya mlinzi, ndo wasigongane.

MamaZawadi
Asanteni sana wote, Papa Furaha umenifumbua. Nimemwandikia kocha wetu kanitumia sheria za ligi, karatasi tatu, yote aliyosema Kocha wa Texas yamo vilevile. Ila ukurasa wa tatu kuna mstari unasema wazazi wasielekeze wachezaji kutoka kwenye viti. Kwa hiyo ile auti ni yangu mimi. Nimemuomba mwanangu msamaha, kanijibu "mama wewe piga makofi tu". Mechi nyingine Jumamosi saa nne, nabeba karanga nikae natafuna ili mdomo uwe na kazi.

Mzee_wa_Kijiwe
Saa nne ya kwetu au ya kwao?