Nusu ndoo ya kuoga usiku inanituliza kichwa. Ni mimi tu?

Fundi_Kimara:
Habari za jioni wanajukwaa. Swali langu mtalicheka, lakini naliuliza hivyo hivyo.

Mimi ni mshonaji, kibanda changu kipo Kariakoo, kwenye kichochoro kinachotokea Mtaa wa Congo. Kutwa ni cherehani, spika za "bei ya kutupa, mama njoo", na mteja anayetaka gauni la sendofu kesho ilhali kitambaa kakileta leo. Saa 2 usiku nabanwa ndani ya mwendokasi mpaka Kimara Mwisho. Nikifika nyumbani kichwa bado kinashona. Mume akisema "pole na kazi" namjibu kwa ukali, maskini, wala hana kosa.

Mwezi uliopita bomba lilikauka siku nne. Likabaki dumu moja la lita 20, tukagawana, fungu langu likawa nusu ndoo. Bafu letu ni la uani, taa haina. Nikasema leo naoga kwa hesabu. Kopo la kwanza miguuni, nikangoja likauke kidogo. La pili magotini, nikangoja tena. Kufika kichwani nimeshahesabu makopo 11, na kwa mara ya kwanza wiki ile sikuwa nawaza gauni la mtu.

Maji yamerudi, lakini nusu ndoo yangu sijaiacha. Simu naiacha ndani. Kuna sababu ya kueleweka hapo, au najidanganya? Na wenzangu mnafanyaje?

Pantoni_Alfajiri:
Dada hujidanganyi. Mimi nakaa Kigamboni, kazi Posta. Daraja lipo tangu 2016, lakini nimeng'ang'ania pantoni. Nasimama ubavuni upande wa bahari, natazama maji tu. Ni dakika chache, ila msimu wa kusi ule upepo unakuosha uso kabla hujamwona bosi. Siku foleni ikizidi nalaani kama wengine, sitaki kudanganya. Na simu mfukoni, hapo Feri si pa kuzubaa.

Nesi_wa_Zamu:
Sababu ipo. Mwili ukijiandaa kulala hushusha joto la ndani. Ukioga maji ya uvuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala, damu inasogea kwenye ngozi, joto linatoka, usingizi unakuja upesi zaidi. Uso nao ukiutia kwenye beseni la maji baridi huku umezuia pumzi, mapigo ya moyo hupungua, kama kwa wazamiaji. Hilo la beseni mwenye ugonjwa wa moyo asilijaribu kabla ya kumuuliza daktari. Kwako nadhani kungoja kati ya kopo na kopo ndiko kunakofanya kazi, maana unapumua taratibu bila kujua.

Ila dada, kama ukali huo ni wa kila siku na usingizi hupati wiki hadi wiki, usiishie kwenye ndoo. Nenda kituo cha afya ukaongee na mtu.

Bati_Moto:
Mie tangi liko juu ya bati. Saa 10 jioni maji yanayotoka nakorogea uji. Huo utulivu nautoa wapi?

Mzee_Magomeni:
@Bati_Moto chota asubuhi, weka ndoo kivulini, funika. Mnapenda kulalamika.

Binti yangu fundi, marehemu mama alikuwa na mtungi kwenye kona ya ukumbi. Anaufukiza ubani kwanza, ndipo anatia maji. Mtungi hutoa jasho, na jasho hilo likikauka ndilo linalopoza maji. Miezi ya kaskazi, hewa ya Dar ikijaa unyevu, nao huchoka, baridi yake inakuwa ya kujikongoja. Lakini yale maji hukuruhusiwa kuyanywa umesimama. Unakaa barazani, kikombe mkononi, unameza kidogo kidogo. Ugomvi wa mchana unauacha hapo. Na ndoo yako itie maua ya asumini, machache tu, dakika kumi kabla ya kuoga.

Fundi_Kimara:
Shikamoo mzee. Nesi, hapo pa ukali umenishika, nitaenda.

Asumini nimechuma kwa jirani leo, kwa ruhusa. Nimetoka bafuni, mume kanusa, kauliza kuna harusi ya nani. Nikamjibu vizuri, mpaka akanitazama mara mbili.