Wakuu nichukue Civ 5 au Civ 6? Nimechoka kuzaliwa kwenye barafu

Mlowezi_Mchovu: Habari za jioni wakuu. Mwezi huu nina hela ya gemu moja tu na ofa inaisha jumapili, nimekwama kati ya Civilization 5 na 6, zile gemu za kujenga dola kwa zamu. Muda wote nacheza Unciv kwenye simu, ile inayoiga Civ 5, tamu sana na bure, ila kila nikifungua ramani mpya nadondoshwa barafuni, mto hamna, ng'ombe hamna, halafu jirani yangu, mpinzani anayeendeshwa na kompyuta, kakalia bonde la ngano na dhahabu, zamu ya 40 ana miji mitano. Nataka ambayo mwanzo una haki na kompyuta inatumia akili, sio kubebwa. Ipi?

fundi_ramani: Mashine yako ina RAM ngapi? Na huko Unciv uko levo gani ya ugumu, maana watu wanakuja hapa kulia kumbe wamejiweka Deity, ngumu kuliko zote, wenyewe

Mlowezi_Mchovu: Emperor. Laptop ni ya mtumba ntaangalia nikifika home

fundi_ramani: Basi umejiroga. Levo haiongezi akili, inaongeza mtaji. Levo ya kati, Prince, ndo mko sawa kwa sawa, ukipanda juu ya hapo kompyuta inapewa nyongeza ya uzalishaji, hela, sayansi. Civ 6 Deity wenzio wanaanza na walowezi (wale wa kuanzisha miji) watatu wewe unaye mmoja, akili ileile ya kupeleka wapiga mishale wakasimame chini ya ukuta. Ukitaka kompyuta ya kutisha rudi Civ 4 ya 2005, ile ilikuwa inarundika jeshi zima kwenye kigae kimoja cha ramani linakuja kama nzige. Tangu 5 ilivyotoka 2010 kigae kimoja askari mmoja, ndo ikachanganyikiwa, inajizibia njia yenyewe

bibi_karafuu: Kaka chukua 6, usimsikilize huyu. Kwenye kuseti unachagua mwanzo wa Balanced (sawa kwa wote) au Legendary (wa neema), na kabla hujaweka mji unaoneshwa maji, penye mto nafasi za makazi ya watu 5, pwani 3, pakavu 2, yaani hata ukizaliwa pabaya unajua ubaya wake mapema. Halafu Zanzibar yetu imo kama mji-dola, ukipeleka wajumbe wengi kuliko wengine unakuwa msimamizi wake unapata mdalasini na karafuu ambazo hazipatikani kwengine. Mtu anayeivamia badala ya kupeleka wajumbe simuelewi kabisa 😂

fundi_ramani: Hata 5 ina Legendary Start kwenye rasilimali, tusidanganyane

Kamanda wa Sofa: Mimi nataka niongelee hiyo kuristati. Mwaka jana siku ya mapumziko nikasema leo nacheza Immortal, levo moja chini ya Deity, lakini sikubali mwanzo wa kijinga. Nikaristati. Nikaristati tena. Nyika, ristati, msitu mtupu, ristati, nahisi ilifika mara 14 chai imepoa mke ananiuliza mbona hiyo gemu haianzi. Ya 15 ikaja: mto, milima mgongoni, ngano mbili, almasi, nikapiga makofi peke yangu sebuleni. Nikaweka mji nikaanza kujenga maajabu, sina askari hata mmoja wa maana kwa sababu akilini nishashinda. Zamu ya 20 na kitu naona rangi nyekundu upande wa pili wa mto, kumbe bonde lile zuri tuligawiwa wawili. Mashujaa sita wakavuka. Nikapoteza mji mkuu mchana kweupe, na savu ya nyuma sina. Siku hizi naanza popote nilipoangukia, na ya barafuni ndo inanifundisha kujenga jeshi mapema

bibi_karafuu: Hayo ni makosa yako, gemu imekukosea nini

Kamanda wa Sofa: Nimesema gemu? Nimesema mimi

nyuklia_tz: Bora huyo kuliko kukaa jirani na Gandhi, kiongozi wa India kwenye gemu. Ile hitilafu ya gemu ya kwanza, ukali wake ukishuka chini ya sifuri unageuka 255 anaanza kurusha nyuklia

fundi_ramani: Hadithi hiyo mkuu. Sid Meier mwenyewe, aliyeitunga Civ, alikanusha kwenye kitabu chake 2020. Ila kwenye Civ 5 walimwekea kweli 12 kwenye kupenda nyuklia, makusudi kabisa, kama utani

Mzee_wa_Kete: Vijana mnatafuta mwanzo wa haki kwenye umeme. Bao hili hapa, kila mtu kete 32, kumi ubaoni, 22 mkononi, nyumba ina sita. Hakuna barafu hakuna mto. Ukifungwa umefungwa na mtu

nyuklia_tz: mzee na anayeanza je hana faida?

Mzee_wa_Kete: Anayo kama anajua kucheza. Wewe njoo uanze

Mlowezi_Mchovu: Nimefika home. RAM GB 4, nafasi iliyobaki kwenye diski GB 9

fundi_ramani: 😂😂 tangu jioni tunagombana! 6 inataka diski GB 12, na hiyo RAM ndo mwisho wake wa chini kabisa, kompyuta ikifikiria zamu yake utaenda kuoga urudi. 5 itaingia

bibi_karafuu: Si afute muvi jamani. Mimi ya kwangu niliipata bure kabisa duka la mtandaoni la Epic walivyoigawa 2020, subiri labda watagawa tena

Mlowezi_Mchovu: Muvi sio zangu ni za sista. Hivi Civ 4 inataka nafasi kiasi gani?

Mzee_wa_Kete: @nyuklia_tz nakusubiri