Faili limerudishwa dirishani: uniti, ECTS na jina (TCCM)

Mwana Tudor, Mombasa
Assalaam aleikum jamaa. Faili langu la kuomba masta ya kemia ya nadharia na ukokotozi (TCCM), Madrid, limerudishwa leo asubuhi. Sababu mbili: transkripti haionyeshi ECTS (vipimo vya Ulaya vya uzito wa masomo), na jina. Cheti cha digrii kina majina mawili, pasipoti ina matatu. Je, hati ya kiapo ya wakili yatosha, au lazima chuo kichape cheti upya? Siku zenyewe zimebaki chache.

Kibokoni, sasa Madrid
Waaleikum salaam dada. Usichukue saa 45 za uniti ukazigawanya kwa 25, hapo ndipo wengi huharibu. ECTS moja ni saa 25 hadi 30 za kazi yote: darasa, maabara, kusoma mwenyewe, mtihani. Mwaka mzima ni 60. Kama mwaka ulikuwa na uniti 12 zenye uzito sawa, kila moja ni 5. Chora jedwali, mkuu wa idara atie sahihi, muhuri ugongwe kila ukurasa, si wa mbele tu. Ambatisha mtaala wa kwanta, spektroskopia na hisabati ya matriksi. "Kemia ya Fizikia III" peke yake haimwambii mtu kama mlifika kwenye mlinganyo wa Schrödinger au mliishia kwenye gesi.

Mama Likoni, Toulouse
Na cheti cha tabia njema? Viza ya Hispania ya zaidi ya siku 180 haitoki bila hicho. eCitizen, shilingi 1,050, fomu C24 ichapwe mbele na nyuma ya karatasi moja, alama za vidole zichukuliwe pale Huduma Centre ya Posta, Digo Road. Kisha mihuri ya Wizara ya Mambo ya Nje na ya ubalozi, ndipo utafsiri. Ukitangulia kutafsiri, mihuri ya baadaye itabaki bila tafsiri na utalipa mara mbili. Cheti cha daktari nacho kitaje Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005. "Mzima, aweza kusafiri" haitoshi.

Kisauni, Groningen
Mama, hakuuliza viza. Kwanza akubaliwe chuoni.

Dada, kwenye barua ya nia onyesha kwamba umeshaendesha hesabu. ORCA, programu ya hesabu za kemia, ni bure kwa wanachuo, jisajili kwa barua pepe ya chuo. Chukua aspirini, atomu 21, laptopu ya kawaida yaimudu. Maagizo ni haya, yatafute umbo tulivu (Opt) kisha masafa ya mitetemo (Freq), kwa kori 4:

! B3LYP D3BJ def2-SVP Opt Freq
%pal nprocs 4 end
%maxcore 2000

Ukitumia kori (viini vya prosesa) zaidi ya moja, iite programu kwa njia yake kamili ya folda, na OpenMPI, inayowezesha kori kufanya kazi pamoja, iwe toleo lile lile lililotajwa kwenye ukurasa wa kupakua. Vinginevyo itakufa kabla haijaanza.

Kibokoni, sasa Madrid
Yakhe, 2000 hiyo ni megabaiti za kumbukumbu kwa kila kori! Mara 4 ni GB 8, na laptopu yake huenda ina hizo hizo 8. Weka 1200. Na asiguse CCSD(T), njia ya hesabu iliyo sahihi zaidi lakini nzito: molekuli ikiongezeka ukubwa maradufu, kazi huongezeka mara 128.

Kisauni, Groningen
Sawa, 1200. CCSD(T) sikuitaja mimi.

Mama Likoni, Toulouse
Viza mtaikumbuka Agosti. Muhuri mmoja, mtu apande SGR Miritini kwa 1,500, alale Nairobi, arudi kwa 1,500 nyingine. Ugatuzi tumeletewa tangu 2013, mihuri ikabaki kule kule.

Kibokoni, sasa Madrid
Siasa tena. Ila kweli.

Kisauni, Groningen
Afadhali hiyo SGR, angalau ukishuka kuna mahamri na mbaazi. Huku Desemba jua lazama saa kumi na dakika ishirini, maghribi inakukuta bado wasubiri foleni ya seva.

Mwana Tudor, Mombasa
Ahsanteni sana. Jedwali la ECTS nimeshampelekea mkuu wa idara. Hesabu ya aspirini nayo imekwisha, ingawa stima ilikatika katikati, nikaanza tena na faili la mwisho la xyz (mahali pa kila atomu). Lakini kwenye masafa ya mitetemo kuna moja hasi, -38, yaani umbo halijatulia. Na lile suala la jina, kuna anayejua?

Kisauni, Groningen
Hasi ndogo hivyo mara nyingi ni kikundi cha methili kinachozunguka. Ongeza TightOpt na DefGrid3 kwenye maagizo, hesabu iwe makini zaidi, urudie kuanzia umbo la mwisho. Ikibaki, sogeza atomu kidogo kufuata mtetemo huo huo, kisha Opt tena. Usiambatishe matokeo yenye hasi, profesa huangalia hapo kwanza.