Mliotengana na wasanii, mali mligawanaje? Tupeane uzoefu

#1
Jamani naombeni uzoefu. Mume wangu anapiga gitaa la solo bendi ya dansi hapa Dar, ndoa ina miaka 11, sasa kahamia kwa mwingine na anataka nitoke kwenye nyumba ya Mbagala eti imejengwa na gitaa lake. Kiwanja kina jina lake kweli. Lakini bendi ilikuwa inalipa ikijisikia, miezi mingine anarudi na nauli tu, vitumbua vyangu ndo vilikuwa vinalisha watoto na vinanunua saruji mfuko mmoja mmoja. Sina risiti hata moja. Mlifanyaje?

#2
Pole dada. Wangu alikuwa mchoraji wa Tingatinga, zile picha za wanyama, pale Oysterbay. Anza baraza la usuluhishi la kata, maana ukienda mahakamani kudai talaka bila ile fomu yao ya kuonyesha usuluhishi umeshindikana wanakurudisha tu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inaangalia mchango wa kila mmoja, hela, mali au kazi. Watu watakutajia kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango, ni kweli, ila hawakwambii kuwa Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilitupwa. Kwahiyo usiende na "nilikuwa napika" peke yake. Mimi nilipata asilimia 40 ya nyumba. Picha ambazo hazijauzwa nikamwachia, sa picha unaigawaje, ukate twiga katikati?

#3
Na wanaume tupo humu. Mke wangu mwimbaji wa taarab, kila wikendi mimi ndo nampeleka, nashika mkoba, saa kumi alfajiri nahesabu noti alizotunzwa, zingine zimelowa jasho hata hazihesabiki. Barazani mjumbe mmoja akaniuliza "kwani baba wewe ulikuwa unaimba?" watu wakacheka mpaka nikataka kuondoka. Kiwanja alipewa na mama yake kabla hajanijua, hicho sikugusa, ila vyumba viwili vya nyuma tulijenga wote ndani ya ndoa na hivyo vikahesabiwa, akanilipa kwa awamu tatu.

#4
Huku Mombasa msije mkadanganywa kuna nusu kwa nusu. Tuna sheria ya mali ya ndoa ya 2013, na Mahakama ya Juu ilishasema Januari 2023 kwamba kuoana tu hakukupi nusu, kila mtu aonyeshe alichotia. Mie vyombo vya ndani wala havikutuletea zogo, zogo ni chaneli ya YouTube ya nyimbo zake, niliifungua mie kwa imeili yangu na yeye paswadi hata haijui, sasa kila siku ananitumia shangazi zake.

#2
@4 hahaha usiitoe hiyo paswadi kabla hamjaandikishana.

#1
Asanteni wote. Jana nilienda kwa fundi aliyetupaulia, nikamkuta bado ana daftari lake la zamani, kaandika "mama vitumbua" 20,000, "mama vitumbua" 15,000, kurasa tatu nzima. Jina la mume wangu nimelitafuta humo sijaliona. Fundi kakubali kuja na daftari. Baraza ni Jumatano.