Pasaka mbili, Nikea moja: nielezeje darasani?

mwalimu_kipaimara_tabata
Tumsifu Yesu Kristo. Darasa la kipaimara limeuliza: mbona Waothodoksi wa hapa Dar husherehekea Pasaka wiki kadhaa baada yetu, na wao pia wanaufuata mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nikea? Na ukiacha Nasadiki, ile kanuni ya imani, kuna lipi la mitaguso ya kale tunalolifanya hadi leo? Naomba maelezo ya kuandika ubaoni.

katekista_mbagala
Milele amina, Mwalimu. Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, uliamua Wakristo wote waadhimishe Pasaka Jumapili moja. Kanuni iliyokuja kutumika ni hii: Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza unaoangukia 21 Machi au baada yake. Waothodoksi nao wanaishika. Tofauti iko kwenye kalenda.

Andika mwaka 2027 ubaoni. Kwetu mwezi mpevu ni Jumatatu 22 Machi, basi Pasaka ni 28 Machi. Hesabu siku 46 kurudi nyuma, unaipata Jumatano ya Majivu, 10 Februari. Wenzetu wanahesabu Pasaka kwa kalenda ya kale ya Juliasi, iliyo nyuma ya yetu kwa siku 13, hivyo 21 Machi yao ni 3 Aprili yetu. Mwezi wetu wa 22 Machi kwao umewahi mno, inabidi wangoje unaofuata. Majedwali yao ya mwezi nayo yamechelewa siku kadhaa, yanauweka 25 Aprili, ambayo ni Jumapili. Mwezi ukipevuka Jumapili, Pasaka husogea hadi Jumapili ya mbele yake. Ndiyo 2 Mei.

Wengi hukosea kwa kuchukua tarehe ya mwezi kwenye simu. Mwezi wa Kanisa ni wa hesabu, mzunguko wa miaka 19, na unaweza kupishana na ule wa angani. Mwaka 2025, Nikea ilipotimiza miaka 1700, hesabu zote mbili ziliangukia 20 Aprili. Mfano huo watoto wataupenda.

mzee_wa_kanisa_ilala
Bwana Yesu asifiwe. Ongeza kuwekwa wakfu kwa askofu. Kanuni ya 4 ya Nikea inataka maaskofu wote wa jimbo washiriki; ikishindikana, wakutane wasiopungua watatu, wasiokuwepo waridhie kwa maandishi, kisha askofu mkuu wa jimbo athibitishe. Ndiyo maana Wakatoliki na Waanglikana bado wanadai maaskofu watatu wa kuweka mikono. Ila usifundishe kwamba akiweka mikono mmoja tu, daraja la uaskofu halipo. Kwa Wakatoliki daraja lipo, sheria ndiyo iliyovunjwa. Watatu wanashuhudia kwamba huyu hakujipachika, na hilo naliona kubwa kuliko watu wanavyodhani.

msomaji_wa_historia
Mwalimu, kwenye Nasadiki kuwa mwangalifu. Tunayosali siyo ile ya 325. Ile ilifika "na kwa Roho Mtakatifu" ikaishia hapo, ikafuatiwa na laana kwa wanaofundisha kama padri Arius kwamba kulikuwa na wakati Mwana hakuwapo. Maneno juu ya kazi ya Roho, Kanisa moja na ubatizo yanahusishwa na mtaguso wa Konstantinopoli, 381. "Na Mwana", baada ya "atokaye kwa Baba", liliongezwa baadaye upande wa Magharibi, na Waothodoksi hawalitamki hadi leo.

Na wakikuuliza kama Nikea ndiyo iliyochagua vitabu vya Biblia, jibu ni hapana. Kanuni zake ni 20, hakuna hata moja inayogusa jambo hilo.

mwalimu_kipaimara_tabata
Asanteni sana. Na ile kanuni ya Nikea juu ya kupiga magoti?

katekista_mbagala
Hiyo ni kanuni ya 20: Jumapili, na siku zote za Pasaka hadi Pentekoste, watu wasali wamesimama. Kwetu Wakatoliki tunapiga magoti wakati wa mageuzo ya mkate na divai hata Jumapili. Kwa Waothodoksi agizo limebaki kwenye ibada yenyewe: Jumapili ya Pentekoste, kwenye masifu ya jioni, kuna sala maalumu za kupiga magoti, za kwanza tangu Pasaka.