Naomba ushauri: kumdai fidia wakili aliyetusimamia ununuzi wa kiwanja Jambiani

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Mwaka 2022 mimi na kaka yangu tulitoa shilingi milioni 38 kununua kiwanja Jambiani, tukikusudia kujenga nyumba ya wageni, na kazi ya kuchunguza umiliki tukamkabidhi wakili mmoja wa hapa mjini. Risiti yake ninayo; ameandika kwa mkono wake, "uchunguzi wa ardhi na kutayarisha mkataba". Tulipoanza kushusha matofali akatokea mzee mwenye hati ya haki ya matumizi ya ardhi, ikabainika kwamba aliyetuuzia alikuwa na minazi tu. Kwetu Zanzibar miti huweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwengine, jambo ambalo hata muuza urojo wa Forodhani analijua, sembuse wakili.

Muuzaji amehama na simu hapokei. Je, naweza kumfungulia wakili kesi ya madai kwa uzembe, au mahkama itanitaka nimfuate muuzaji kwanza? Na nikimlalamikia kwenye chama cha mawakili, nitarejeshewa chochote au atatiwa adabu yeye tu? Kaka anataka tusamehe, mimi sijaridhika.