Tenki la galoni 500, mita inasema 598: galoni 98 zimepotelea wapi?

Mleta uzi
Wakuu habari zenu. Naomba anayejua vipimo anisaidie kabla sijamwita fundi kuchimba bomba.

Mita yangu ya maji inasoma kwa futi za ujazo, na kwenye bili uniti moja ni futi za ujazo 100. Tenki ni la chuma, la zamani, ubavuni limeandikwa galoni 500. Juzi nililisafisha, likakauka, nikafunga koki zote za ndani na kuanza kulijaza. Kabla ya kufungua maji mita ilisoma 4316. Boya lilipofunga ilisoma 4396. Yaani futi za ujazo 80.

Kila ninapotafuta naambiwa futi moja ya ujazo ni galoni 7.48. Mara 80 napata 598.4. Galoni 98 zimepita kwenye mita na hazimo kwenye tenki! Nimetembea njia yote ya bomba, sijaona hata udongo uliolowa. Usingizi umekata.

Fundi Mita
Mkuu, usichimbe kwanza. Hiyo 7.48 ni ya galoni ya Marekani, yenye lita 3.785. Galoni ya Uingereza ni kubwa zaidi, lita 4.546. Futi moja ya ujazo ina lita 28.317, gawa kwa 4.546 unapata 6.229. Sasa zidisha: 80 × 6.229 = 498.3. Uniti yako ya bili nayo ni galoni 623 za Kiingereza, siyo 748.

Mleta uzi
Asante mkuu, lakini bado nina wasiwasi. Tenki halisemi ni galoni ya nani. Nisije nikachagua galoni inayonipendeza, kumbe bomba linavuja kweli.

Binti wa Hesabu
Wasiwasi wako ni wa haki kabisa. Basi achana na galoni. Chukua futi kamba, pima tenki kwa ndani: urefu, upana, na kina cha maji hadi yalipoishia, siyo hadi mfuniko. Ukizidisha utapata futi za ujazo moja kwa moja, ulinganishe na mita.

Mleta uzi
Nimerudi. Ndani ni futi 4 kwa 4, maji yamesimama futi 5. 4 × 4 × 5 = 80. Niliporudia kuzidisha mkono ulikuwa unatetemeka. Kila kilichopita kwenye mita kimo ndani ya tenki.

Mzee wa Vipimo
Hongera, kijana. Nikuongezee asili yake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1824 iliifanya galoni kuwa ujazo wa paundi 10 za maji. Futi moja ya ujazo ya maji ina uzito wa paundi 62 na kitu, ndiyo maana unapata galoni 6 na kitu; ukikumbuka hilo huhitaji jedwali. Wamarekani walibaki na galoni ya zamani ya divai, inchi za ujazo 231. Hata painti zinatofautiana: ya Kiingereza ina aunsi 20, ya Marekani 16.

Binti wa Hesabu
Swali moja, mleta uzi. Dawa ya kutibu maji unaipimaje? Ukiwa na hesabu ya galoni 598 utaizidisha.

Mleta uzi
Umenishtua. Kibandiko kinasema kifuniko kimoja kwa galoni 100, na kwenye daftari nilishaandika vifuniko 6. Sijamimina bado. Nimekisoma upya, pembeni kwa maandishi madogo pameandikwa lita 455.

Binti wa Hesabu
455 ni galoni 100 za Kiingereza. Ya Marekani ingekuwa 379. Kwa hiyo weka 5, na futa ile 6 kwenye daftari leo hii, asije mtu mwingine wa nyumbani akaifuata.

Fundi Mita
Na ukitaka kulala vizuri, usiku funga koki zote, tenki likiwa limejaa, uangalie kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita. Kikitulia, bomba ni zima.

Mgeni Humu
Samahani kwa kudandia uzi. Mita yangu ni ya mita za ujazo, nazidisha kwa ngapi?

Fundi Mita
Kwa galoni za Kiingereza, 219.97, ukitumia 220 hukosei kitu cha maana. Ila soma tarakimu nyeusi tu, hizo ndizo mita nzima. Nyekundu ni sehemu za mita, na mtu akizisoma pamoja na nyeusi anapata namba za kutisha.

Mleta uzi
Kigurudumu hakijasogea tangu saa nne usiku hadi alfajiri. Fundi nimempigia asije.